Chai Inasubiriwa Ishuke

Haya aliniambia Miriam, tukipura uwele uani kwangu Mpwapwa, mwezi wa sita uliopita.

Mama yake, Angelina, alikuwa amelazwa hospitali moja kule Dodoma, Miriam akimuuguza. Betri ya moyo aliyowekewa zamani ilikuwa imetunga usaha. Karibu na bega la kushoto ngozi ilifunguka, waya ukawa unachungulia kama kijiti cha ufagio. Nyaya zisipotolewa, usaha ungeshuka moyoni. Madaktari wageni wenye mashine ya kuzitoa walikuja kwa siku tatu tu, na anayetolewa nyaya haruhusiwi kula wala kunywa tangu usiku.

Jumatatu alifunga, jioni akaambiwa kesho. Jumanne vilevile. Jumatano akamwuliza nesi Gladness, "Leo mimi ni wa ngapi kwenye foleni, mjukuu wangu?"

"Wa kwanza, bibi."

Saa tatu akaingia bwana mmoja mwenye simu mbili, na mtu wa kumbebea mto.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," akaitikia Angelina. Angefanyaje?

Gladness akatazama karatasi, kisha dari. "Wa pili, bibi."

"Huyo naye kafunga?"

"Kanywa chai na chapati. Wanasubiri ishuke."

"Itashuka saa ngapi?"

"Saa tisa."

"Na chumba cha upasuaji kina mtu?"

"Hakina," Gladness akajibu, akikunja karatasi yake.

"Basi si niingie mimi, tumbo langu halina kitu?"

"Bibi, usiniharibie kazi, tafadhali."

Chumba kikakaa kitupu, taa zinawaka. Saa tisa bwana akaingizwa. Saa kumi na mbili kasoro madaktari wageni wakatoka, siku zao zimekwisha, wakavua kofia, wakacheka kwa uchovu.

Wagonjwa wakaitwa kupiga picha ya kuwaaga madaktari.

"Mimi sijatolewa," Angelina alisema.

"Picha ni ya wote, mama," akajibu afisa mwenye shada la maua. "Vuta shuka kidogo, kidonda kisionekane. Haya, cheka!"

Alirudi kitandani na ua moja la plastiki. Miriam akampa uji; alikunywa mafunda mawili.

"Mwakani watarudi," Gladness alisema taratibu. "Nitakuandika wa kwanza."

"Sasa nianze kufunga lini?"

Gladness akaondoka. Mwanga wa jioni ulikuwa bado dirishani Miriam alipojilaza sakafuni, akimtazama mama yake. Angelina aliweka kidole juu ya ncha ya waya, akausikia ukidunda, akausikiliza, hadi akalala.