Mjukuu wa Mlali

Katika nyumba ya Bibi Sabiha, mtaa wa Majengo, hakuna kitu kilichotoka kwenda kutafuta heri bila kutemewa mate. Usidhani yalikuwa mate ya dharau. Bibi alisoma dua kwa sauti ya chini, kisha akapuliza, na ndani ya pumzi ile mlikuwa na manyunyu machache ambayo yeye mwenyewe aliyaita baraka. Bajaji ya mwanawe mdogo Abdulnasiri ilitemewa siku iliponunuliwa. Kalamu ya mjukuu wake Shamila ilitemewa kabla ya mtihani wa kidato cha nne, ikatemewa tena kabla ya ule wa kidato cha sita. Na kwa kuwa Shamila alifaulu yote miwili na kuingia chuo kikuu, ni nani angemwambia Bibi kwamba kalamu ile ilikuwa na wino tu?

Mwanamvua, mama yake Shamila, hakuthubutu. Yeye aliolewa na mwana mkubwa wa nyumba ile, na mke wa mwana mwenye adabu humwitikia mama mkwe "ndiyo, Mama," kisha hupangusa cha kupangusa akiwa peke yake.

Shamila alikuwa mwaka wa mwisho. Alisoma jinsi magonjwa ya binadamu yanavyoanzia ndani kabisa ya mwili, kwenye vinasaba, yale maagizo madogo ambayo mtoto hupokea nusu kwa mama na nusu kwa baba. Masomo hayo hakuyachagua kwa kubahatisha. Kaka yake Makame alizaliwa na selimundu, ugonjwa wa damu, na kila baridi ya Juni ilipoishukia Dodoma, maumivu ya viungo yalimlaza akiuma shuka. Kwa miaka mingi majirani walimuuliza Mwanamvua nani amemroga mwanawe. Siku Shamila alipompangia mezani, kwa punje za mtama, namna baba mzima mwenye punje moja mbovu na mama mzima mwenye punje moja mbovu wanavyoweza kumzaa mtoto mwenye mbili, Mwanamvua alizitazama punje zile mpaka chai ikapoa. Tangu hapo alimwomba Mungu jambo moja: mtoto huyu amalize masomo.

Na ili amalize, alihitaji mate ya ukoo mzima, kila mtu katika kichupa chake, apate kufuatilia punje ile mbovu ilikopitia. Ukoo wenyewe ulitawanyika hadi Kolo, haukukusanyika ila siku ya Idi.

"Mate?" akauliza Abdulnasiri siku hiyo, uani, mbele ya watu wote. "Chuo kikubwa vile mmekosa cha kusoma, mpaka mate yetu?"

"Kwenye mate mna chembe za mwili, Baba Mdogo, na kwenye chembe mna vinasaba. Ila msile kwanza."

"Tusile? Na pilau hilo linavyonukia?"

"Ndiyo vizuri. Likinukia, mate yanakuja yenyewe."

Yakaja. Wakatema mashangazi, wakatema wajomba, akatema Bibi Sabiha kwa heshima zote, kama anayetia sahihi. Wa mwisho alikuwa Erick, mwanafunzi mwenzake Shamila, kijana wa Mlali asiye na udugu na mtu yeyote pale. Huyo alikuwa wa kulinganishia: kwake zile alama zinazoandamana na punje ya ukoo hazikutazamiwa kuonekana. Alitema haraka, akaenda kukaa karibu na sufuria.

Vichupa vikapangwa kwenye sinia, sinia likafunikwa kawa, likawekwa chumbani kwa Bibi mahali ambapo watoto hawaingii. Watu wakala. Jioni Shamila akavibeba kwenda maabara.

Wiki chache baadaye alirudi nyumbani amekunja uso. Mwanamvua alikuwa akipepeta uwele.

"Mama, Erick ana alama zetu."

"Alama gani?"

"Za ukoo. Zimo kwake kama zilivyo kwa Makame. Na alama hizi mtu hazinunui sokoni, Mama. Huzirithi."

Ungo ukatulia mikononi mwa Mwanamvua. "Mlali," akasema polepole.

Mzee Uwesu, marehemu mume wa Bibi Sabiha, alikuwa mnunuzi wa karanga. Kila msimu alikwenda Mlali, na msimu mwingine karanga zilichelewa kukauka.

Mama na mwana wakakubaliana wanyamaze. Bahati mbaya, nyuma ya ukuta Abdulnasiri alikuwa akifunga tairi la bajaji, na dereva wa bajaji hawezi kubeba abiria bila kubeba na habari. Kabla ya adhuhuri habari ilikuwa imefika sokoni, na alasiri ikapanda basi kwenda Kolo.

Bibi Sabiha hakulia. Alisimama, akaiendea picha ya marehemu ukutani, akaigeuza uso ukaelekea ukuta.

"Karanga!" akaiambia picha. "Na mimi nilikuwa nakukaangia!"

Kisha akaamuru aletewe huyo mtoto. Erick alipofika, alimshika kidevu, akamgeuza kushoto na kulia kama anayechagua tikiti.

"Masikio ni ya Uwesu."

"Shikamoo, Bibi. Masikio haya ni ya baba yangu, Mzee Mazengo."

"Marahaba. Na baba yako kayatoa wapi?"

Erick akayashika masikio yake.

"Basi kaa ule," akasema Bibi. "Kosa si lako."

Erick akala. Kesho yake akapita tena, kusalimu tu, akala. Mwanamvua alianza kumwekea sahani bila kuuliza.

Ila msimamizi wa utafiti, Daktari Generosa, hakuridhika. Alimwambia Shamila kwamba kabla ya kumsingizia maiti ni heri kuchunguza vichupa. Wakavipima upya, safari hii kutafuta nani yumo ndani ya kila kimoja. Shamila alirudi nyumbani akilia.

"Vimeharibika, Mama. Kila kichupa kina watu wawili: mwenyewe na mwanamke mmoja. Mwanamke yuleyule katika vyote! Daktari anasema nilete mate mapya kabla ya mwisho wa mwezi, la sivyo nitarudia mwaka. Nitawakusanya vipi watu wote wale? Idi imekwisha."

"Hakuna kichupa hata kimoja chenye mtu mmoja?"

"Kimoja tu. Cha Bibi."

Mwanamvua akaikumbuka ile kalamu, akaikumbuka na bajaji. Akajua kila kitu, na papo hapo akajua kwamba hawezi kumuuliza mama mkwe hata neno moja.

"Mimi ni mkwe," akamwambia binti yake. "Wewe ni mjukuu, na mjukuu ni mtani. Muulize wewe. Na kuhusu watu usihofu. Idi huwaleta kwa mwaliko. Aibu huwaleta bila kualikwa."

Kweli, Ijumaa hiyo ua ulijaa. Walikuja wote kusikiliza habari ya Mlali, hata wale ambao kila harusi huwa wagonjwa. Bibi Sabiha alikaa kwenye kiti kirefu, tayari kumshitaki marehemu. Shamila akaketi mkekani, miguuni pake.

"Mke mwenza," akaanza, kama wanavyoitana bibi na mjukuu, "mume wetu hana kosa."

"Usimtetee! Wewe umeolewa juzi. Mimi ndiye ninayemjua."

"Damu niliyoiona kwenye kichupa cha Erick si ya Babu. Ni ya mwanamke."

"Mwanamke gani?"

"Wewe."

Abdulnasiri ndiye aliyeshindwa kujizuia. "Mama! Kumbe na wewe ulikuwa unakwenda Mlali?"

Kandambili ya Bibi ikaruka, ikamkosa, ikampata shangazi wa Kolo. "Mlali mimi nimeiona kwenye gunia la karanga tu!"

"Umo pia kwenye kichupa cha Baba Mdogo," Shamila akaendelea, "na cha Shangazi, na vyote vilivyobaki. Bibi, siku ile ya Idi, sinia lilipokuwa chumbani mwako, uliviombea?"

"Sasa niviache viende chuo kikuu hivihivi, kama yatima?"

"Ulivifungua?"

"Dua itapitaje kwenye kizibo? Nilifungua kimoja kimoja, nikasoma, nikapuliza, nikafunga vizuri. Hata cha huyu kijana nilikisomea zaidi, kwa sababu ni mgeni."

Kicheko kilichopasuka pale kiliwatoa kuku uani. Shamila peke yake hakucheka.

"Kalamu haikudhurika, Bibi. Lakini mashine ya maabara huhesabu kila chembe. Nisipopata mate mapya, narudia mwaka."

Mikono ya Bibi Sabiha, ambayo kwa kawaida haikosi tasbihi, ilitulia mapajani. "Kwa hiyo ni mimi," akasema. "Mimi ndiye niliyetaka kukufelisha."

Mwanamvua hakuwahi kumwona mama mkwe wake mdogo vile. Akajikuta amesimama.

"Mama," akasema, "ukoo wote uko hapa."

Bibi akainua kichwa. Akamtazama mkwe wake, akautazama ua, na sauti yake ikarudi mahali pake. "Asile mtu! Mwanamvua, bandika pilau. Linukie!"

Walitema upya, kila mmoja kwa zamu. Bibi alitangulia, kisha kwa amri ya mjukuu akahamishiwa kando ya lango, mdomo umefungwa kwa kanga, akitazama sinia kwa macho ya mtu aliyenyimwa haki yake. Dua aliisomea juu ya kichwa cha Shamila. Huko aliruhusiwa kutema atakavyo.

Vichupa vya safari hii vilikuwa na mtu mmoja mmoja. Utafiti ukawasilishwa, ukapita, na punje ile ikaonekana njia yake: iliingia kwa Makame kutoka kwa Bibi Sabiha, kupitia kwa mwanawe mkubwa, baba yake Makame, na kutoka kwa Mwanamvua mwenyewe. Bibi aliisikiliza habari hiyo hadi mwisho.

"Hakuna mchawi, basi," akasema. "Ni mimi na wewe, mwanangu." Akasogea mkekani, akampisha mkwe wake nafasi.

Kwa Erick hapakuonekana alama hata moja ya ukoo. Alikuja kuaga, amechomekea shati, huzuni imemjaa kama mtu aliyefukuzwa kwao.

"Kwa hiyo, Bibi, zile sahani zote nilizokula..."

"Kaa chini," akasema Bibi Sabiha. "Maabara imekutoa kwenye ukoo, pilau limekwisha kukurudisha."

Kisha akaiendea picha ya marehemu, akaigeuza ikatazama watu, akaiomba radhi kwa sauti ambayo hakuna aliyeisikia vizuri. Kioo kilikuwa na vumbi. Akakitemea kidogo, akakisugua kwa ncha ya kanga.

"Bibi!" Shamila akapiga kelele.

"Huyu hapelekwi chuo," akasema Bibi, akaendelea kusugua.