Daftari Lililohudhuria Badala Yangu

Usiku wa jana niliota kaunta buku langu, daftari langu nene la masomo, linafunga mlango wa chumba cha mtihani, lenyewe likiwa ndani na mimi nikiwa nje.

Si ndoto ya kushangaza ukiyajua maisha yetu. Chuoni kwetu viti vya ukumbini ni vichache kuliko wanafunzi, kwa hiyo alfajiri unapeleka daftari, unaliweka kwenye kiti, unarudi hosteli kunywa chai. Mtu akikitaka kile kiti, jirani anamwambia, "Hapa kuna mtu." Mimi nilikuwa hodari wa kuwahi. Mstari wa mbele, kiti cha tatu, muhula mzima. Tatizo langu lilikuwa kurudi.

Nikafeli Anatomia. Leo ndiyo ilikuwa sapu, yaani mtihani wa marudio, na ukifeli sapu unafungasha virago. Kwetu Tukuyu mama yangu anaitwa Mama Daktari tangu siku nilipopata nafasi ya kusomea utabibu. Nikirudi na begi sijui watamwitaje.

Basi, ndotoni nagonga mlango. Anafungua msimamizi. Ni kile kiunzi cha mifupa kinachoning'inia maabara, leo amevaa tai na ameshika orodha ya mahudhurio.

"Jina?"

"Tumpale Mwakalinga."

Anapitisha kidole kwenye orodha. "Tumpale Mwakalinga yuko ndani. Amehudhuria asilimia tisini na nane. Wewe una kumi na moja, na kanuni inataka sabini na tano."

"Samahani, msimamizi. Lile ni daftari."

"Ndilo lililokuwa linakuja," anasema, bila ubaya.

Nambembeleza mpaka anaona huruma. Anasema naweza kuingia kumshikia kiti huyo Tumpale wa ndani, maana anataka kwenda msalani mara moja. Nakalishwa. Kaunta buku linanipita, limechomeka kalamu kifuani, linaniambia, "Ukae vizuri, usijikunje pembe."

Anakuja kijana mmoja, ananitazama, kisha anamgeukia jirani yangu. "Hapa kuna mtu?"

"Yupo, katoka kidogo. Huyu kawekwa tu."

Iliniuma, siwezi kuficha.

Simu inaita. Ni mama. "Tumpale mwanangu, Mama Kibona wa jirani kateleza na ndoo, kaangukia mkono, kifundo kimevimba. Nimemwambia asihangaike, mtaalamu ninaye. Hebu tuambie, mle ndani kuna nini?"

Nafungua mdomo. Inatoka mistari ya bluu, mitupu, mmoja baada ya mwingine.

"Sikusikii, mwanangu. Mtandao wa huku mbaya. Tunakusubiri lakini, usikate."

Aibu iliyonishika hapo sikuipata hata siku matokeo yalipobandikwa ubaoni.

Kaunta buku linarudi. Nalishika mkono. "Ndugu yangu, nipe yote uliyoyasikia muhula mzima. Sasa hivi."

Halibishi. Linachana kurasa zake na kunisokomezea kwenye sikio la kulia. Ukurasa wa arobaini ukiingia, wa kwanza unadondoka kwenye sikio la kushoto. Msimamizi anauokota, anausokomeza upya, unadondoka wa pili. Tunaendelea hivyo kwa siku nne, bila kula.

Nikitahamaki tupo chumbani kwangu hosteli. Mto wangu unaingia ukisukuma toroli lenye viroba vitatu.

"Umebeba nini?"

"Saa zako za usingizi," unasema mto. "Uliniachia zote, wewe ukawa unaniegemezea simu tu. Hizi za chini zimeshaota ukungu."

Kaunta buku linatikisa kichwa. "Ndiyo maana hakikai kitu. Sikio la kushoto halijifungi mpaka alale."

"Atalala," unasema mto. "Kwanza anifundishe huo mkono. Mimi ni pamba, sijui lolote."

Naanza kwa mbwembwe, kama mhadhiri. "Kwenye kifundo cha mkono kuna karpasi nane ambazo..."

"Sijaelewa."

"Mifupa minane. Midogo."

"Midogo kama nini?"

Nafikiri. "Kama kokoto za kuchezea mdako. Imepangwa safu mbili, minne minne. Ndiyo maana mkono unapinda huku na huku."

"Na mtu akianguka, akatanguliza kiganja?"

"Kokoto moja inaweza kupasuka. Kwa nje utaona uvimbe tu. Hauchuliwi. Mkono unafungwa usitikisike, anapelekwa hospitali kupigwa picha."

"Nimeelewa sasa," unasema mto. Kwenye simu, mama naye anasema haya, ngoja nitafute kitenge cha kufungia.

Msimamizi anahesabu mifupa ya kifundo chake, anapata saba, anainama kuutafuta wa nane chini ya kitanda. Mto unanipa chupa ya maji, naimaliza. Kisha unamwaga kiroba kimoja kitandani, unaniambia nilalie katikati, penye ukungu kidogo.

Kaunta buku linafunga vifungo vya koti. "Mimi natangulia kushika kiti. Ila leo uje."

Nikaamka. Salvina, ninayekaa naye chumba kimoja, alikuwa ananitikisa bega. "Wewe, saa moja na nusu. Uji wako unapoa. Halafu usiku kucha ulikuwa unaufundisha mto."

Nikanywa uji wote, jambo ambalo Salvina alilisimamia kwa mshangao. Njiani nilikuwa napapasa kifundo changu cha mkono: minne, na minne mingine. Nilikuwa naogopa, lakini nilijua ninachokiogopa.

Ukumbini tulikuwa watu wachache. Kaunta buku nilikuwa nimeliacha pale tangu jana jioni, kwa mazoea tu: mstari wa mbele, kiti cha tatu. Kijana wa kiti cha pili alikuwa anaandika namba yake ya mtihani. Hakuinua hata uso.

"Hapa kuna mtu," akaniambia.

"Ni mimi," nikamjibu.

Nikaliinua kaunta buku, nikakaa. Kiti kilikuwa bado na joto.