Majirani wa Daraja

Watu wa Nyanungu hawakumtuma Waitara kwenye baraza la Tarime ili akapashe kiti joto tu. Walimtuma alete daraja. Walimchinjia beberu, wakala naye, na kabla hajanawa mikono wakamkumbusha: liwekwe kwenye kivuko chetu, si kwa wale wa bonde la pili, walioswaga ng'ombe wetu na mpaka leo hawajaona haya.

Mwenyewe hakuhitaji kukumbushwa. Mwanawe Mseti alichukuliwa na mto Mara pale pale kivukoni, akirudi kutoka mnadani, mwaka ambao mvua zilikataa kukoma. Tangu siku ile mkewe, Ghati, hakuteka tena maji upande huo. Waitara alikuwa amejiapiza kwamba hatakufa kabla ya kumwona mama yule akivuka pale miguu mikavu.

Mwaka huo wa 1956 baraza lilikuwa na fedha za daraja moja tu, na mainjinia wawili wa kuchagua. Wa kwanza, Bwana Whitlow, Mzungu kutoka Nairobi, alikuwa mpole, na alimsikiliza kila mzee mpaka mwisho. Alitazama kivuko cha Nyanungu akasema, "Wazee mkitaka hapa, tutajenga hapa." Wa pili, Gurbachan, Kalasinga wa Kisumu, hakuwa na maneno matamu. Alishindilia fimbo ya chuma kwenye tope la ukingo, ikazama yote. "Hapa hapana," akasema huku akijifuta mikono. "Bonde la pili kuna mwamba." Waitara alimchukia papo hapo, na tusimlaumu.

Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, alitaka kura zipigwe siku ile ile. Wazee wakakataa. Mkwe hachaguliwi kwa sura. Unatuma mtu kwao akawaulize majirani. Na injinia je, ana nini cha zaidi? Waulizwe wanaoishi karibu na madaraja yake. Wakamtuma Waitara, kwa kuwa miguu yake ilikuwa bado mizuri na ulimi wake haukupenda porojo.

Alianzia upande wa Musoma, kwenye daraja la Bwana Whitlow. Lilisimama jeupe, zuri, peke yake katikati ya mto. Maji yalikuwa yamekula ardhi ya kila upande, na watu walipita kando yake majini, nguo wamezikunja, watoto mabegani. Mzee mmoja jirani, Simioni, alimsifu sana mjenzi wake. "Yule bwana ana adabu. Tulimwonyesha mahali, akatusikia. Mbaya ni huu mto."

Kisha akavuka mpaka wa Sirari, akaenda hadi Kisii kuliona daraja la Gurbachan. Kichwani mwa daraja alimkuta Felista, mama muuza ndizi. "Yule mtu ana kiburi," Felista akasema. "Tulitaka aliweke karibu na kanisa, akakataa katakata. Sasa tunazunguka mpaka huku." Ilibidi avute kapu lake kando kupisha kundi la ng'ombe, kisha lori la kahawa, ndipo akaendelea kumlaumu.

Waitara alirudi Tarime moyo mzito. Alikuwa ameelewa, na alitamani asingeelewa.

"Haya, Mzee Waitara," akasema Joram, mwenyekiti wa baraza. "Majirani wanasemaje?"

"Wa Whitlow wanamsifu. Wanasema ana adabu. Wa Gurbachan wanasema ana kiburi."

Hakuna neno la uongo hapo. Wazee wakaguna kwa kuridhika. Mmoja akauliza mkwe mwenye kiburi wa nini. Waitara akakaa. Daraja lilikuwa lake, kulibaki kunyoosha mkono tu.

Lakini roho ilimsuta. Kila alipofumba macho aliwaona wale watoto mabegani, na maji yakipita chini ya miguu yao. Akasimama tena.

"Nimewaambia walichosema," akasema. "Sijawaambia nilichoona."

Akaeleza yote. Hata mwamba wa bonde la pili hakuuacha. Gurbachan akachaguliwa, na kura ya Waitara ilikuwamo.

Habari ilifika Nyanungu kabla yake. Hakuna aliyechinja kitu. Watu aliokula nao beberu waligeuka kando alipopita, na mmoja, wa rika lake kabisa, akatema mate. Waitara akashika njia ya nyumbani. Alimkuta Ghati uani akipepeta ulezi. Yeye, kwa kukaa kwake peke yake, alikuwa hajaambiwa.

"Baba Mseti, limekuja?"

"Limekwenda kwa wale. Kwetu pana tope tupu, lisingesimama."

Ungo ukatulia mikononi mwake. "Kule ni mbali."

"Ni mbali, mama."

Ghati akazitazama zile punje. "Mseti kama angezunguka huko siku ile, angefika hapa saa ngapi?"

Waitara alifikiri kwa dhati, akihesabu vilima vya njiani. "Giza lingekuwa limeingia. Angechelewa sana."

"Ningemgombeza," Ghati akasema, na machozi yakaanza kumtoka. "Ningemgombeza kweli kweli."