Ganda la Chungwa la Bwana Fong

Usiku wa kuamkia leo niliota nimesimama mbele ya mkahawa wa Kichina wa Bwana Fong, pale kwenye kona ya mtaa wetu hapa Columbus, Marekani, na mkahawa uko wazi. Hilo haliwezekani. Bwana Fong alifunga mwaka jana akahamia kwa watoto wake, na sasa pale wanauza simu.

Niliingia hata hivyo, maana nina shida. Mama yangu, Bi Mwanashaha, hataki kula tangu alipougua. Anachotamani ni uji wa mchele wa Fong tu. Tena ule ambao Fong na watu wake walikuwa wakiula wenyewe kwenye meza ya nyuma na kutugawia kila Jumamosi. Ninaoupika mimi anausukuma. "Huu ni wali uliolia," husema. Nimeapa nitaupata.

Yule paka wa dhahabu wa kaunta, sanamu anayepunga mkono mchana kutwa, ananitazama.

"Uji wa meza ya nyuma," namwambia.

"Haumo kwenye menyu. Kanuni ni ile ile: kimoja safu ya kushoto, kimoja safu ya kulia."

Nasoma. Kushoto: kuku wa sukari, goti, Jumamosi. Kulia: tambi, mvua, mlango wa jikoni.

"Jumamosi, na mlango wa jikoni."

"Pilipili?"

"Kidogo."

Mlango unaletwa kwenye sahani, bado unafuka moshi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nainama, naufungua, naingia.

Ndani ni jikoni kwa bibi yangu kule Pangani, lakini anayekoroga ni Bwana Fong. Sufuria yake imevaa miwani.

"Shikamoo mzee. Uji wangu unakosa nini?"

"Marahaba," anaitikia, ingawa miaka yote hakujua neno la Kiswahili. "Unatia nini?"

"Mchele, tangawizi, chumvi, mifupa ya kuku."

"Na ganda la chungwa?" inauliza sufuria.

"Hilo natupa."

Visu vyote vinageukia ukutani kwa aibu.

"Likaushe mpaka lisahau kwamba lilikuwa tunda," anasema Fong. "Sasa nenda, mwanangu, hapa kuna joto."

"Siondoki bila ganda lako."

Naketi juu ya gunia la mchele. Gunia linaniomba nisogee kidogo. Nasogea, lakini siondoki.

Fong anacheka, ananipa ganda moja, jeusi, kavu.

"La kula hapa au la kubeba?" paka anauliza kutoka kaunta.

"La kubeba."

Basi ganda linanibeba mgongoni. Tunapita kwa dobi, tunasubiri taa nyekundu kwa adabu, kisha linanibwaga kitandani.

Niliamka mikono mitupu. Iliniuma, sikufichi. Hata hivyo nikaenda kubandika mchele, maana kiapo ni kiapo.

Uji ulipoiva, Mama akaja akiburuta kandambili. Akanishika mkono, akavinusa vidole. Kisha akavuta kiti, akaketi, akajisogezea bakuli.

"Fong hajambo?" akauliza.