Ubini wa Wimbo

Nakutegea, na usikimbilie kujibu: mwanangu nimemzaa mie, nimemlea mie, siku ya kutajwa mbele za watu kapewa ubini wa mtu mwengine. Ukishindwa utanipa mji, ndiyo kawaida. Lakini mji wako uweke kwanza, nikuhadithie yaliyomkuta Balqis.

Balqis anakaa Hail, hapa Maskati, nyumba moja na wazee wake na bibi yake, Bi Jawaher. Nyumba yao nzima ni bendi. Baba yake, Badr, ni mstaafu wa jeshi. Ujanani alipelekwa Uskochi kufunzwa zumari la mkoba, lile la kukumbatia kwapani na kupuliza mpaka mashavu yavimbe. Akarudi na zumari na mapenzi ya muziki wa kule, watoto akawanywesha pamoja na uji. Mkewe, Mahbuba, anapiga ngoma, mwanawe Aflah gitaa, Balqis fidla. Fidla kwetu sie tuliotoka Unguja si ngeni, tumeizoea kwenye taarabu. Ila ya Balqis inaruka Kiskochi, utadhani watoto asubuhi ya Idi.

Wimbo wenyewe aliupata jikoni. Bi Jawaher hataki nazi ya paketi. Hukaa juu ya mbuzi ya kukunia akakuna mwenyewe, kru-kru-kruu, kru-kru-kruu. Balqis akaufuata mkuno ule kwa upinde wa fidla. Miezi minne aliulea: mwanzo wake polepole, kama mtu anayetafuta kikao, kisha mbio. Na katika muziki ule wa Kiskochi, mtungaji humtunuku mtu wimbo wake, akalitaja jina kabla ya kuupiga mara ya kwanza. Balqis jina alikuwa nalo moyoni: "Nazi ya Bi Jawaher." Akalihifadhi mpaka Alkhamisi, siku ya onyesho Khuwair ya Kusini. Wimbo huohuo ndio wangekwenda nao kwenye tamasha Uskochi, maana kila bendi iliambiwa ije na wimbo wake yenyewe.

Alkhamisi ikafika, ukumbi ukajaa. Balqis kaweka fidla begani, anajongea kwenye maikrofoni. Baba yake kamtangulia.

"Wimbo huu nimeutunga mimi," Badr akasema, "kwa ajili ya marehemu rafiki yangu wa jeshini. Unaitwa 'Kwaheri Musallam.'"

Makofi. Balqis akamtazama mama yake. Mahbuba akainamia ngoma. Akamtazama kaka yake; Aflah akawa anakaza nyuzi ambazo hazikulegea. Hapo akafahamu kuwa wote walijua. Akapiga. Angefanyaje? Fidla ndiyo inayoanza.

Garini akauliza, "Baba, nani kautunga wimbo ule?"

Badr akaongeza kiyoyozi, macho barabarani.

"Usimtahayarishe baba yako," Mahbuba akanong'ona. "Karatasi ya tamasha imeshakwenda na jina lake, tangu wiki iliyopita. Kwani wimbo si wa nyumba moja? Weye kesho utaolewa, utakwenda nao kwa watu."

"Na wewe, Aflah?"

"Mie niliambiwa ninyamaze. Nikanyamaza."

Balqis akaona afadhali angeibiwa fidla. Mwizi wa nje huli naye sinia moja.

Ijumaa, wanaume walipotoka msikitini, sinia ya wali ikawekwa chini, wote wakaizunguka. Balqis mkono hakutia. Bi Jawaher, ambaye magoti yalimzuia kwenda ukumbini, akamgusa begani.

"Enhe, mjukuu wangu. Wimbo wa nazi wameupenda?"

"Wameupenda, bibi. Jina lake muulize baba."

Badr akakohoa. Mahbuba akasogeza bakuli la pilipili, halikuwa na pa kusogezwa. Aliyesema ni Aflah, chini chini: "Baba kauita 'Kwaheri Musallam,' bibi. Kasema kautunga yeye."

Bi Jawaher akatafuna tonge lake mpaka likaisha.

"Badr, nakutegea."

"Leo tena, mama? Juu ya chakula?" Badr akacheka, peke yake.

"Mwanangu nimemzaa mie, nimemlea mie, siku ya kutajwa mbele za watu kapewa ubini wa mtu mwengine. Nini?"

"Nimeshindwa. Chukua mji, nakupa Maskati."

"Maskati nnakaa. Sitaki."

"Basi Unguja."

"Loo! Unguja nimezaliwa. Utanipaje kwetu?"

"Nakupa Uskochi, mama, yallah, tule."

"Uskochi!" Bi Jawaher akaufuta mkono wake kidole kimoja kimoja. "Huko unakwenda umebebwa mgongoni na nani, hata uwe na cha kunigaia?"

Badr akalitazama tonge lake.

"Miaka thelathini napuliza nyimbo za watu, mama. Musallam kanifia, sikuweza kumtungia hata kijistari. Nikausikia ule…"

"Nnajua, baba. Na Musallam nalimpenda, kala sana kwangu. Lakini sikukuuliza hayo. Nimetega, na miji yako yote sikuitaka. Jibu."

Wali ukaanza kupoa. Baba yake akanyanyua uso, akamtazama yeye, mara ya kwanza tangu jana.

"Wimbo," akasema. "Wimbo wa nazi. Kautunga Balqis."