Mpangaji Katika Nyumba Yake

Kampuni ilirusha ndege kumi na moja, na hata moja haikuwa yake. Jambo hilo halikuwa siri wala aibu, lilikuwa fahari. Ndege mpya ilipotoka kiwandani, kampuni iliinunua asubuhi kwa bei ya chini, kwa sababu iliagiza nyingi kwa mpigo. Mchana ikamuuzia tajiri wa ng'ambo kwa bei ya juu kidogo. Jioni ikaikodi kutoka kwa tajiri huyohuyo. Rubani alikuwa bado hajagusa swichi hata moja, na faida ilikuwa imeshaingia. Abiria waliojipanga mlangoni na mabegi yao madogo, kwa kuwa mabegi makubwa yalilipiwa, walidhani wanapanda mali ya watu waliowauzia tiketi.

"Anayemiliki ndege anamiliki uchakavu wake," alipenda kusema mkurugenzi wa fedha. Wafanyakazi walimwita Kikokotoo, naye alijua na alilipenda jina hilo. "Sisi tunauza viti. Chuma tumewaachia wenye muda nacho."

Afisa aliyeandika na kulinda mikataba hiyo ya kukodi alikuwa binti wa fundi seremala. Kila Jumapili alikwenda kula kwa wazazi wake, katika nyumba alimozaliwa, yenye karakana ndogo ya baba yake upande wa mbele na sebule ambayo mama yake aliijaza watu siku zote: majirani, mashoga, na hasa wenzake wa kikundi cha kushona. Jumapili moja Baba aliuliza hiyo kampuni inaishije kwa tiketi za bei ya bure namna ile. Binti akaeleza. Aliona raha kueleza, maana kwa kawaida Baba alipoulizia kazi yake alikuwa akitaka kujua tu kama wanapewa chai.

"Kwa hiyo mnauza kitu, halafu mnaendelea kukitumia," Baba alisema.

"Ndiyo, Baba."

"Na aliyenunua hakigusi."

"Anapokea kodi yake."

"Nyinyi mnabaki na pesa mkononi na kitu kilekile."

"Kwa muda wa mkataba."

Lakini maneno hayo ya mwisho yalimkuta Baba ameshainuka kwenda kunawa. Aliporudi aliomba aone huo mkataba unavyofanana. Binti alikuwa na nakala tupu kwenye mkoba, isiyo na majina ya mtu, akampa, kama mtu anavyompa mtoto simu achezee ili watu wazima waongee.

Wiki nyingi zikapita. Binti alikuwa katika karakana kubwa ya uwanjani, akirudisha ndege iliyomaliza muda wake. Kurudisha ndege ni kazi ya kuchekesha ukiwa si wewe unayeifanya. Mkataba unadai irudi katika hali nzuri iliyokubaliwa, hivyo kampuni iliyokuwa imewarusha watu miaka yote kwenye viti vilivyochanika sasa ilikuwa inaweka vitambaa vipya, kapeti mpya, na meza za kukunja zinazokunjuka. Ndege ilikuwa haijawahi kupendeza namna ile, na hakuna abiria ambaye angeiona. Mkaguzi wa yule tajiri alitembea polepole na kurunzi yake, akiinama kwenye kila kiti.

"Hapa pana doa," alisema.

"Huo ni uchakavu wa kawaida."

"Kahawa si uchakavu."

"Kwenye safari za alfajiri ni uchakavu," alijibu binti, na simu yake ikalia. Alikuwa Mama.

"Mwanangu, uko kazini?"

"Niko kazini, Mama."

"Basi sikucheleweshi. Nilitaka kujua kitu kimoja tu. Mgeni akiingia kwa mlango wa nyuma, naye anahesabiwa?"

"Anahesabiwa na nani?"

"Na mwenye bucha."

"Mwenye bucha anahesabu wageni wetu kwa nini?"

"Si ni nyumba yake," Mama alisema, kwa sauti ya mtu anayekumbushia jambo ambalo wote wanalijua. "Baba yako alisema nyinyi mmefanya hivyohivyo. Mimi nikatia sahihi, nikajua ni utaratibu wenu."

Mkaguzi alisema jambo kuhusu mkwaruzo wa dirishani. Binti akamwambia aandike anachotaka.

Nyumbani kwao alimkuta Baba anaranda ubao, amechangamka kuliko alivyomwona miaka mingi. Hakuficha neno. Alikuwa amemuuzia nyumba jirani yao mwenye bucha, ng'ambo ya barabara, na siku hiyohiyo akaikodi kwake kwa miaka tisa. Pesa za mauzo angenunulia mashine ya kuranda kutoka nje, moja inayofanya kazi ya mafundi wanne. Wakala wa mashine alikuwa bado anasubiri meli. Kwa sasa pesa zilikuwa kwa Mama, mahali ambapo Baba mwenyewe aliomba asionyeshwe, kwa kuwa anajijua.

"Mtaji ulikuwa umelala ukutani," alisema. "Nimeuamsha."

"Baba, kampuni ina ndege kumi na moja. Wewe una nyumba moja."

"Kila mtu anaanza na moja."

Binti akaomba mkataba. Ulikuwa ule wake. Baba alikuwa amemlipa mpiga chapa wa mtaani, akamwagiza kila penye neno ndege aweke nyumba, na penye abiria aweke wageni, mengine ayaache yalivyo. Ndiyo maana mkataba ulimkataza mpangaji kuipeleka nyumba katika nchi yenye vita bila idhini ya maandishi. Ulimtaka aikinge na barafu. Ulimruhusu mwenye nyumba kuikagua akiwa na kurunzi, baada ya kutoa taarifa.

"Hayo ya vita ungeyatoa," binti alisema.

"Yanamdhuru nani? Mimi siendi popote na nyumba."

Lililodhuru lilikuwa kifungu cha akiba ya matengenezo. Mwenye ndege hutoza kodi, na juu ya kodi hutoza kitu kidogo kila ndege inapopaa na kutua na abiria, kwa kuwa hapo ndipo injini inapochoka. Katika mkataba wa Baba, mwenye bucha alitoza kitu kidogo kila wageni walipoingia na kutoka. Baba aliona si neno. Hakuwa na wageni yeye; wageni walikuwa wa Mama. Mwenye bucha naye, aliyekuwa ametazamana na mlango huo maisha yake yote, aliwajua wageni wa Mama kwa majina, vimo na mwendo. Sasa alikuwa akikata nyama huku jicho moja liko ng'ambo.

Sebule ilikuwa kimya. Binti hakuwahi kuisikia saa ya ukutani ya nyumba ile ikigonga. Alikuwa hajui kama inagonga. Mama alikuwa amekaa peke yake na cherehani.

"Wenzako wako wapi?"

"Nimewaambia tupumzike kidogo. Juzi walikuja sita, baba yako akauliza kama hawawezi kuja wakati mmoja, waingie kama kundi, lihesabiwe mara moja." Mama alikata uzi kwa meno. "Nimezaa watoto humu, mwanangu. Nimezika mama yangu kutokea humu. Leo namwambia shoga yangu anisalimie dirishani."

Binti akavuka barabara.

"Karibu, binti," mwenye bucha alisema. "Ya supu au ya kukaanga?"

"Nimekuja kwa ajili ya nyumba. Pesa zako zipo, hazijaguswa. Chukua, turudishiane."

Mwenye bucha akaweka kisu chini na kujifuta mikono, taratibu, kama mtu aliyekuwa akilisubiri swali hilo.

"Zile nilinunulia nyumba tupu. Sasa ina mpangaji. Mpangaji mzuri, mzee wa heshima, miaka tisa, na wageni wengi. Hiyo ni bei nyingine, mwanangu. Wewe si ndiyo kazi yako? Wewe utanielewa kuliko mzee."

Alimwelewa, na ndicho kilichomuuma. Matajiri wa ng'ambo walisema hayohayo, tena kwa suti. Bei aliyotaja ilikuwa ya suti pia.

Huenda mambo yangebaki hivyo kama manispaa isingepitisha mtaro wa majitaka mtaani. Kila nyumba iliamriwa kufukia shimo la zamani na kujiunga na bomba jipya, kwa gharama yake. Mwenye bucha alileta ile amri mwenyewe, akampa Baba mkononi.

"Mzee, hii ya kwako. Matengenezo ni ya mpangaji."

Baba alikuwa tayari ameshatafuta miwani. Binti, ambaye siku hiyo alikuwepo, akamzuia.

"Matengenezo madogo ni ya mpangaji," alisema. "Mamlaka ikiamuru badiliko kubwa, sehemu kubwa analipa mwenye mali, maana mpangaji ataondoka na badiliko litabaki kwake. Kifungu hiki hapa."

Mwenye bucha akasoma, midomo ikitembea. Kisha akatabasamu.

"Hapa pameandikwa mamlaka ya usafiri wa anga. Bomba linapita chini ya ardhi."

"Kweli," binti alisema. "Mambo ya anga hayaihusu nyumba?"

"Hata kidogo."

"Sawa. Basi na hiki cha kuingia na kutoka kifutwe, maana kimeandikwa, soma hapa, 'kila wageni wanapopaa na kutua.' Sijamwona shoga wa Mama anapaa. Chagua, jirani. Kama mkataba ni wa ndege, unalipa bomba. Kama ni wa nyumba, unaacha kuhesabu watu na unaturudishia ulichokwisha kupokea."

Mwenye bucha alitazama karatasi, akatazama amri ya manispaa, akamtazama Baba, ambaye uso wake ulionyesha fahari ya mzazi na hofu ya mpangaji kwa wakati mmoja.

"Nilidhani ukiwa na nyumba unapokea tu," alisema mwishowe.

"Wengi wanadhani," binti alijibu.

Akasema atafikiri. Kwa siku kadhaa alifikiri kwa sauti, kwa kila mteja aliyenunua nyama: kwamba nyumba ni mzigo, kwamba ameshawishiwa, kwamba mwenye kuichukua leo yeye hatabishania bei. Binti alimsihi Baba aende haraka. Baba akakataa. Wakala alikuwa amepiga simu, meli imeonekana. Mtu aliyeuza hanunui tena alichouza, alisema, atachekwa. Hata Kikokotoo hawezi kufanya hivyo. Hilo lilikuwa kweli.

Jumapili iliyofuata mwenye bucha aliingia wakiwa mezani. Alikuwa mwepesi, kama aliyetoka kunyoa.

"Nimekuja kukuaga kikazi, Mzee. Nyumba nimeuza. Pamoja na mkataba wako, haujaguswa. Bei yangu ileile niliyokupa, nimetoka bila faida, na bomba si langu."

Binti aliacha kijiko. Ndege huuzwa hivyo kila siku: inabadili mmiliki ikiwa angani, abiria wakisinzia, na mkodi anapelekewa taarifa tu kwamba kodi ya mwezi ujao alipe kwingine. Alikuwa ameandika taarifa za namna hiyo bila kufikiria kwamba kuna mtu anazisoma.

"Umemuuzia nani?" Baba aliuliza. Sauti yake haikuwa na mtaji tena.

Mwenye bucha alimtazama Mama, akaomba ruhusa ya kuondoka, akaondoka.

Mama alikuwa anajiongezea mchuzi.

"Jana nilikwenda kununua nyama," alisema, "nikarudi na nyumba."

"Kwa pesa gani?"

"Zile ulizoniambia nisikuonyeshe."

"Za mashine?"

"Za nyumba. Zimerudi zilikotoka."

Baba akaanza kucheka, mabega yakitikisika, kicheko cha mtu aliyetolewa shimoni na hajali tena nani aliyemchimbia. Alifuta machozi. Alimwambia binti yake alete ile karatasi waichane, yaishe.

"Mwanangu," Mama alisema, "huo mkataba umebakiza muda gani?"

"Miaka minane na kitu, Mama."

"Na una makosa?"

"Una ya barafu na ya vita. Lakini unashika."

"Basi usichanwe. Kile cha wageni kitoe. Vingine viache."

Baba alicheka tena, mara hii peke yake. Alimtazama mkewe usoni, akangoja atabasamu. Mama alikuwa anamenya chungwa.

"Kodi nitamlipa nani?"

"Mimi. Mwisho wa mwezi, kama ulivyoandika mwenyewe."

"Na wewe utakuwa unakaa wapi?"

"Kwangu."

Baba akamgeukia binti yake, kama mtu anayetafuta shahidi wa upande wake.

"Huko kwenu ndivyo wanavyofanya?"

"Huko kwetu hawajafika mbali hivi, Baba."

Alikaa akifikiri, akivunja mkate vipande vidogo asivyovila. Hakuonekana mwenye hasira. Alionekana kama fundi anayekagua kiungo kilichobana vizuri mno, anatafuta ni wapi angeweza kukilegeza, na hapaoni. Hatimaye akauliza, kwa adabu ambayo binti hakuwahi kuisikia ikitumika ndani ya nyumba ile, kama mwenye nyumba ana mpango gani na lile bomba la majitaka.

"Nitalipa sehemu yangu," Mama alisema. "Wewe utalipa yako. Mezani umeweka maji?"

Baba akainuka kuleta maji.