Wimbo wa Kumkejeli Tulukkaq

Ukumbi wa kijiji cha Uqsuqtuuq, kaskazini ya mbali ya Kanada, ulifurika hata watoto wakakalia mabuti ya wazazi wao. Katikati alisimama Tulukkaq, mtafsiri wao, akipokea pongezi. Herufi za kabila lao la Wanattilik ambazo kompyuta ilizikataa miaka yote zilikuwa zimekubaliwa, na sasa simu yoyote ingeweza kuziandika.

Binamu yake, Hiqiniq, hakupiga makofi. Mwaka juzi watu wa kusini wanaoidhinisha herufi za kompyuta walipouliza kama kweli herufi hizo zinahitajika, Tulukkaq ndiye aliyewajibu, "Wazee wachache tu. Watatumia za majirani." Alitaka kazi yake ya kutafsiri isicheleweshwe kwa kuzingoja. Siri hiyo ilimponyoka mjumbe mmoja wa kikao hicho majuzi. Bibi yao, Hikuliaq, alikuwa amekwisha kufa, na kibao cha kaburi lake kilitoka kwenye mashine ya kuchapa jina likiwa na visanduku vitupu penye herufi hizo.

Hiqiniq ni mtu ambaye hata mbwa akimkanyaga, yeye ndiye huomba radhi. Lakini leo aliichukua ngoma akaitia mkononi mwa binamu yake.

"Shika, mtani. Nimekutungia."

Watu wakashangilia. Kwao mabinamu huimbiana kejeli, na anayeimbwa hucheza huku akicheka. Akinuna, ameshindwa.

"Imba basi!" Tulukkaq akamchokoza. "Sauti yenyewe ya mbu!"

Kweli, sauti yake isingefika hata mlangoni. Ndiyo maana aliyaandika maneno kwa herufi mpya, akayamulika ukutani. Ukumbi ukamwimbia.

Ubeti wa kwanza ulimcheka kwa kuvua samaki akiwa amevaa tai shingoni. Tulukkaq akapiga ngoma, akazunguka, akacheka mpaka machozi. Wa pili ukamcheka mkoromo wake. Wa tatu ukataja jibu alilowapa watu wa kusini, na kaburi.

Ngoma ikanyamaza.

"Inatosha, binamu. Tutaongea nyumbani."

"Cheza, mtani. Mbona hucheki?"

Hiqiniq alimtazama binamu yake akitokwa jasho, akaona raha ambayo hakuwahi kuionja. Ndipo shangazi yake akainuka: mama yake Tulukkaq, binti wa Hikuliaq. Hakuna aliyekuwa amemwambia siri ile. Alisogea ukutani, akaufuata ubeti kwa kidole, polepole, hadi mwisho.

"Shangazi, keti," Hiqiniq akanong'ona. Raha ilikuwa imemtoka yote.

Mama hakuketi. Alimgeukia mwanawe, akauimba ubeti ule peke yake, kwa sauti kavu.

"Piga ngoma," akamwambia. "Naanza tena."